Mgonjwa wa Kwenye Ndoo

Mimi nafuga jongoo bahari. Nasema mapema ili asiyetaka kuendelea aachie hapa, maana nimeshazoea: nikitaja kazi yangu harusini, jirani wa meza anasogeza sahani yake. Ni mnyama wa baharini, mnene kama muhogo, hana macho, hana mfupa, na ukimwona kwa mara ya kwanza hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Kutwa nzima anameza mchanga, anachuja humo kilicho na lishe, halafu anautoa mchanga ukiwa safi. Hiyo ndiyo kazi yake duniani. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna kinachomuudhi.

Na kuudhika anaudhika haraka, we! Jua likipiga sana maji ya kina kifupi yakachemka, anajifukia mchangani kama mtu anayekwepa wadeni. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mto yakaingia kwenye uzio na chumvi ikapungua, anavimba, anatoa ute, ngozi inaanza kuchubuka. Ukizidi kumsumbua, anafanya jambo ambalo siku ya kwanza kuliona nilikaa chini: anatoa matumbo yake yote nje, kwa mlango wa nyuma, anabaki ganda tupu. Ila hafi hapo hapo. Ukimwacha kwenye maji mazuri bila kumgusagusa, anaota matumbo mengine. Si hadithi, nimeyaona mimi mwenyewe huku Bagamoyo ninakofanya kazi.

Nyumbani lakini ni Mugango, ziwani. Baba yangu amevua sangara kwa ndoano tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo hajawahi kuniita jina hata siku moja, ananiita mama. Tukigombana mara nyingi nashinda mimi, kwa sababu hawezi kumfokea mama yake.

Simu zake zilikuwaga za aina moja. Namwambia shikamoo, ananiitikia, halafu anauliza, "Wale minyoo wako wazima?"

"Si minyoo, baba."

"Haya. Wale funza wako wazima?"

Tunacheka, maisha yanaendelea. Ila mwaka ule utani uliingia maji. Kikundi cha wavuvi ambacho baba ni mjumbe wake kilianzisha vizimba vya kufugia sato ziwani, na wakawa wanatafuta msimamizi, mtu aliyesomea samaki. Baba akanyoosha mkono kikaoni akasema mtu yupo. Mtu mwenyewe ni mimi, na sikuulizwa.

"Nyumbani kabisa," aliniambia kwenye simu, sauti yote furaha. "Unaamka, unakunywa uji wa mama yako, unaingia kazini."

Nikamwambia baba, mimi nina kazi. Akasema, bila utani safari hii, "Mama, ungekuwa unafuga samaki huko ningeelewa. Umesomea samaki, halafu umeenda kukaa mbali nasi kwa ajili ya kitu kisicho na macho. Watu wananiuliza binti yako anafanya nini, nakosa la kusema."

Maneno yale yaliniuma. Ningeweza kumkatalia tu, mimi si mtoto. Lakini kukaa Bagamoyo huku nikijua baba yangu ananionea aibu, hilo lilinishinda. Na mimi nikikasirika mdomo unatangulia. Nikamwambia, "Nitakuja nao uwaone kwa macho yako. Ukishawaona bado ukasema sina kazi, nitarudi nyumbani nisimamie vizimba vyenu." Akasema sawa, kikao ni Jumapili. Nikakata simu nikabaki najiuliza nimesema nini.

Bosi wangu alicheka mpaka akakohoa, lakini alinipa wawili wakubwa ambao tulikuwa tumeshamaliza kuwatumia kwa uzazi, pamoja na barua yenye muhuri ya kuonyesha njiani. Niliwafungisha siku mbili kwenye maji safi bila mchanga, ili matumbo yawe matupu wasije wakachafua ndoo safarini. Nikanunua ndoo ya bluu yenye mfuniko, kipampu kidogo cha betri cha kuwapulizia hewa, na madumu mawili ya maji ya bahari: moja la kuwabadilishia njiani, jingine la kurudia.

Kutoka Dar hadi Musoma nilikaa na ndoo katikati ya miguu. Mama mmoja niliyeketi naye aliinamia ndoo akauliza ni dawa ya nini. Nikasema si dawa. Akauliza inanywewaje. Nikasema mama, hainywewi, ni mnyama. Tukanyamaza mikoa miwili. Tulipofika Bunda, anashuka, ameshabeba mizigo yake, akanirudia sikioni: "Nikatie kipande kidogo tu, cha magoti." Masikini, nilimwonea huruma.

Nilifika Mugango Jumamosi alasiri kwa bodaboda, ndoo mapajani, madumu yamefungwa nyuma kwa mpira. Baba aliweka ndoo kivulini ukutani kwa nyumba, akafungua mfuniko, akachuchumaa akaangalia muda mrefu.

"Mbele yake ni wapi?"

Nikamwonyesha.

"Anakula nini?"

"Mchanga."

"Mchanga na nini?"

"Mchanga, baba."

Mama yangu, ambaye ni wa Butiama na hajawahi kumwamini mnyama asiyetoa maziwa, alichungulia juu ya bega la baba. "Basi huyo ndiye mkwe ninayemtaka," akasema. "Hana gharama."

Baba hakucheka. Alikuwa anaangalia tu, na sikuweza kusoma uso wake. Jioni nikatoa masharti kwa sauti ya mwalimu wa zamu: hakuna kuwashika, hakuna kuwalisha, jua lisiwafikie, kuku wakae mbali. Nilitaja kila kitu nilichoweza kukumbuka. Nikaenda kulala kama gogo.

Hapa inabidi nieleze kidogo mambo ya kwetu. Wavuvi wa sangara kwa ndoano wanatumiaga chambo hai, yaani vimumi, vile vikambare vidogo, na chambo kikifa ndoanoni sangara hakitaki. Kwa hiyo vimumi vinakaa kwenye ndoo nyumbani, na kila asubuhi lazima vibadilishiwe maji, la sivyo vinageuza matumbo juu. Baba yangu alisifika kwa hilo mwalo mzima, pale wavuvi wote wanapotia mitumbwi. Chambo chake kilikaa hai siku tatu, nne, cha wenzake kinakufa siku ya pili. Sisi watoto tulijifunza kubadilisha maji ya chambo kabla ya kujifunza kusoma. Kwetu, ukimpenda kiumbe aliye ndooni, unamletea maji mapya.

Asubuhi nilitoka nje nikiwa na mswaki mdomoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya ndoo, suruali imelowa mpaka magotini, uso unang'aa.

"Mama, nimewahudumia wageni wako."

"Umewahudumiaje?"

"Nimewabadilishia maji. Nusu tu, taratibu kwa kikombe, nisiwashtue. Na si ya ufukweni, yale yana sabuni. Nimepiga kasia mpaka kule mbele kwenye maji masafi."

Mswaki ulianguka. Nilifika kwenye ndoo sijui kwa hatua ngapi. Yule mdogo kati yao alikuwa amevimba kama andazi, ute unaning'inia. Mkubwa alikuwa amelegea chini, na pembeni yake kuna rundo la utumbo mweupe uliojikunja, wote, hakuna alichobakiza.

"Baba, umewaua!"

"Mama, yale ni maji masafi kabisa!"

"Hayana chumvi!"

Mama kasikia neno chumvi, huyo anatoka jikoni mbio na kopo la chumvi. Nikapiga kelele asiweke kitu. Nikautoa ule utumbo kwa mkono nikauweka chini kwenye mfuniko, nikakimbilia dumu la maji ya bahari lililobaki. Nilipogeuka, jogoo wa mama ameshaudaka ule utumbo, anakata uwanja nao unapepea. Mama akamfuata na kopo la chumvi, mbwa akamfuata mama, jirani akatokea uani na mwiko kuuliza kuna nini. Leo nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Siku ile sikucheka. Nilikuwa nimewahamishia kwenye beseni lenye maji yao, na nikamwambia baba yangu neno ambalo mpaka sasa linanichoma:

"Ulitaka nibaki nyumbani. Haya, umepata."

Alirudi kukaa kwenye kigoda, akaangalia mikono yake.

Mama alirudi akihema bila utumbo wala jogoo. Alinivuta nyuma ya nyumba. "Sikiliza wewe. Baba yako hajapanda mtumbwi tangu mwaka jana. Mgongo. Leo alfajiri kajikongoja kaenda, nimemwambia acha, akasema wageni wa mwanangu hawawezi kukaa kwenye maji yaliyolala. Ukimaliza hasira zako uende ukamwombe radhi."

Nilimaliza hasira pale pale. Niliona jinsi nilivyokuwa mjinga. Katika masharti yangu yote ya mwalimu wa zamu sikutaja maji hata kidogo. Nimekaa pwani mpaka nikasahau kwamba mtu wa ziwa hawazii chumvi, kwake maji ni maji. Baba alishika kila nilichosema, kisha akaongeza kitu bora kuliko vyote alivyonavyo.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kigoda. "Nisamehe baba. Sikukwambia. Kosa ni langu."

"Atakufa?" Hilo ndilo alilouliza.

"Mdogo naona anarudi. Mkubwa sijui. Huwa wanaota matumbo mengine, wakiachwa kwenye maji yao wakapumzika."

Aligeuka akanitazama kuona kama namdanganya kumfariji. "Matumbo yanaota?"

"Yanaota."

"Muda gani?"

"Wiki nne hivi. Nitajua siku atakayokunya mchanga. Akikunya, ujue utumbo upo."

Baba akavuta kigoda karibu na beseni. Hakwenda kanisani siku ile, yeye ambaye hata mgongo ukimuuma anaenda akasikilizie nje. Alitandika gunia bichi juu ya beseni kuleta ubaridi, akawa analilowesha kila likikauka, kama alivyofanya miaka yote kwa chambo chake. Nilimwona akihesabu kimya kimya mapovu ya kipampu. Alikuwa ananong'ona kitu, na sikutaka kusogea kusikia.

Mchana tukaenda kikaoni mwaloni, mimi na yeye. Nilijua makubaliano yetu, na nilijua nilichomwonyesha: mnyama aliyetoa matumbo. Mwenyekiti alipomaliza mengine akageukia kwetu. "Haya mzee, binti yupo hapa. Tumwandike?"

Baba alisimama taratibu. "Mwenyekiti, naomba mwezi mmoja."

"Mwezi wa nini tena?"

"Nyumbani kuna mgonjwa."

Kikao kizima kikasema pole. Mimi nikainama nikaangalia miguu yangu. Nikafikiri ametafuta tu njia ya kuniaibisha kidogo kidogo badala ya kwa mkupuo. Wakampa mwezi.

Alichosahau baba ni kwamba kwetu ukisema nyumbani kuna mgonjwa, watu hawaishii kwenye pole. Hatujakaa nyumbani hata saa moja, hodi! Akina mama watatu wa kikundi, mmoja na chupa ya maziwa, mmoja na mayai, wa tatu na sukari kwenye mfuko. Wamevaa nyuso za msiba.

"Tumekuja kumwona mgonjwa. Yuko ndani?"

Mama yangu akakimbilia jikoni, nikamsikia akicheka chini chini, kanga mdomoni. Baba wala hakutikisika. Alisimama, akawaongoza hadi ukutani, akainua gunia kwa vidole viwili.

"Huyu hapa."

Walitazama beseni. Walitazamana. Mwenye mayai akasema, "Mungu wangu, ni mguu?"

Hapo nilidhani baba atajificha nyuma ya utani. Badala yake alichuchumaa akaanza kuwaeleza, na sikuamini masikio yangu. Akawaonyesha mbele na nyuma. Akasema huyu kazi yake ni kusafisha sakafu ya bahari, anachukua mchanga mchafu anaurudisha safi. Akasema huyu mkimbadilishia maji ghafla anatoa matumbo yote nje, na aliyembadilishia ni mimi, jamani, kwa mikono hii. Akasema binti yangu huyu ndiye daktari wao. Ana wengi kule, na kila mvua ikinyesha lazima aende kuwaangalia mmoja mmoja kama wamevimba.

"Ndiyo kazi yake?" aliuliza mwenye maziwa.

"Ndiyo kazi yake," baba akasema. "Ngumu kweli."

Mwenye mayai akaniuliza kama mgonjwa anaweza kunywa uji mwepesi. Nikasema hapana, asante, ila sisi tunaweza. Basi uji ukapikwa, mayai yakakaangwa, maziwa ya mgonjwa tukayanywa sisi kwenye chai, na jogoo yule akachunguliwa na kila mtu kama naye ataota kitu. Walicheka mpaka jua linazama. Waliondoka wakimwambia mgonjwa apone haraka.

Jumatatu asubuhi baba alinisindikiza hadi stendi Musoma. Alisisitiza kubeba ndoo mwenyewe, mgongo na yote. Sikuwa na akiba ya maji ya bahari tena, hivyo ili yaliyopo yasipate joto, usiku mama aligandisha chupa za maji kwenye friji ya jirani wa duka, na baba akazifunga kuzunguka ndoo kwa gunia lake. Basi lilipowashwa nikamuuliza, maana nisingelala bila kujua, "Baba, umeshaamua nini? Ile ya vizimba?"

"Nenda kamponye huyo kwanza. Hayo mengine yatakuja." Akagonga ubavu wa basi mara mbili, likaondoka.

Nilifika nao wote wawili hai. Mdogo baada ya siku tatu alikuwa anameza mchanga kana kwamba hajawahi kusafiri. Mkubwa nilimweka peke yake kwenye tangi la pembeni, kimya, maji safi, mchanga laini wa kitanda. Alijifukia nusu, akatulia. Kila asubuhi namchungulia: hakuna kitu. Na kila asubuhi simu inaita, na sijasikia tena neno minyoo wala funza.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Yupo, baba. Bado."

"Bado hajapata choo?"

"Bado."

"Haya. Mpe muda." Na nasikia kabisa kwenye pumzi yake kwamba anajilaumu upya kila siku.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzangu kazini walishaniambia nisijipe matumaini. Mwezi wa kikundi ulikuwa unakaribia kuisha, na mimi nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya nguo zipi nitabeba na zipi nitaacha. Nilikuwa nimeahidi. Na baba yangu akisema sina kazi kwa sababu mnyama kafa mikononi mwake, ningemjibu nini?

Asubuhi moja ya wiki ya tano niliinama kwenye tangi, nikakuta nyuma yake uzi mwembamba wa mchanga umelala, mfupi, haufiki hata kidole. Niliangalia kama ni kivuli. Nikaangalia tena. Nilipiga kelele mpaka mwenzangu mmoja akaangusha ndoo. Nikapiga simu.

"Baba, amekunya!"

Nikasikia upepo na kelele za watu, nikajua yuko mwaloni.

"Kiasi gani?"

"Kidogo, kama uzi. Lakini ni mchanga, baba. Umepita tumboni."

Akaiondoa simu sikioni, nikamsikia akipaza sauti ile ya zamani ya kuitana mtumbwi kwa mtumbwi: "Amekunya!" Kukawa na mshangao kidogo, halafu vigelegele vikapasuka. Nafikiri niliwatambua, mwenye mayai na mwenye maziwa. Mwanamume mmoja alikuwa anauliza nani amejifungua.

Baba alipoirudisha simu alikuwa amesogea pembeni, sauti iko chini.

"Mama, ile nafasi nilikuwa nimekushikia. Nilisema huyo akifa, utaumia, utarudi nyumbani unalia. Nilitaka ukute pa kukaa. Mimi niliyekuharibia ningekulipaje vingine?"

"Baba..."

"Leo nawaambia wampe mwingine. Wewe una kazi."

Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye maji yaliyomwagika, nalia na kucheka pamoja, sijui hata nilimjibu nini. Akaniuliza kama nipo. Nikasema nipo.

"Maji yako huko ni mazuri?"

"Mazuri, baba."

"Basi kaa humo," akasema. "Na huyo mgonjwa, mwambie nimesema anisamehe. Sikujua."

Nikainuka, nikaenda kwenye tangi, nikamwambia.